Mradi wa Mgongo: Shajara ya Matibabu ya Kiropraktiki, Davenport

Januari 2025, kabla ya kuanza

Malengo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari, nayo ni matatu. Nikae ibada nzima bila kwenda kusimama nyuma ya kanisa. Nimbebe kitindamimba wangu ngazi zote mpaka ghorofa ya pili. Nimalize shifti bila kumeza kidonge katikati. "Mgongo upone" sikuandika, kwa sababu hakuna atakayenipa tarehe ya kupona, na mradi usio na kipimo hauishi, unazidi kula pesa tu.

Kazi yangu ni ya kiwanda cha nyama upande wa Illinois, Marekani. Nasimama kwenye laini, kisu mkononi, nimeinama kidogo, mwili unageukia upande ule ule usiku kucha. Wengi wetu tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa kwenye miji hii inayotazamana kingo mbili za Mto Mississippi, Davenport na Bettendorf ng'ambo ya Iowa, Rock Island na Moline huku kwetu, tumepitia kazi za namna hii. Ni nadra kuingia nyumba ukamkosa mtu anayeketi huku ameshika kiuno. Kambini dawa ilikuwa mawese ya uvuguvugu na mikono ya mama mkubwa. Mama mkubwa alibaki Kigoma.

Daktari wa familia amenipima, akaniandikia ibuprofen, akasema picha haihitajiki kwa sasa, nisilale kitandani mchana, nitembee. Akaongeza kwamba nikitaka mikono ya mtu, niende kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi, au kwa kiropraktiki, anayetibu mgongo na viungo kwa kuvisukuma kwa mikono, yeye haoni tofauti kubwa. Nimechagua kiropraktiki kwa sababu isiyo ya kitabibu hata kidogo: kuna kliniki ya mafunzo ng'ambo ya daraja, wanafunzi wanatibu huku daktari mwalimu amesimama pembeni, na bei yake naimudu.

Kabla ya kumpa mtu mgongo wangu nilitaka kujua ukoo wa kazi yake, na bahati nzuri ukoo wenyewe ni wa hapa hapa. Kwa masimulizi yao, tarehe 18 Septemba 1895, mzaliwa wa Kanada aitwaye Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku katika jengo la Ryan, kona ya Mtaa wa Brady na Barabara ya Pili, alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa msafishaji wa jengo hilo na ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka 17. Inasemekana akasikia. Sasa, neva ya kusikia inatoka ubongoni kwenda sikioni bila kuvuka fuvu, haifiki mgongoni, kwa hiyo hadithi hiyo ina wengi wasioikubali, na mimi ni mmoja wao. Lakini sehemu moja naiamini bila kushurutishwa. Lillard alieleza kwamba masikio yaliharibika siku aliyokuwa ameinama mahali pembamba akifanya kazi, akahisi kitu kimeachia mgongoni. Mtu wa kazi za mikono, ameinama, kitu kimeachia. Huyo namfahamu.

Shule ya Palmer ilifunguliwa mwaka 1897, na mwaka 1906 mwenyewe aliwekwa jela kwa kutibu bila leseni. Aliandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizokaa vibaya. Madaktari wa hospitali waliwapiga vita warithi wake kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1987 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba Chama cha Madaktari cha Marekani kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwasusia. Ndani ya taaluma bado kuna watu wa aina mbili: wanaoamini ile asilimia 95, na wanaotibu mgongo, shingo na viungo wakaishia hapo. Nitauliza mapema niko kwa nani.

Januari, mwishoni: uchunguzi

Ziara ya kwanza ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilikuwa maswali. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya dada mmoja mwenye Kiswahili cha pwani, akanipa shikamoo kwanza kabla ya kutafsiri neno lolote. Anayekwenda asiye na Kiingereza cha kutosha aombe mkalimani wakati wa kuweka miadi. Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa habari za kibofu cha baba yake.

Walianza na homa. Natokwa jasho la usiku? Nimepungua uzito bila kujua kwa nini? Nimewahi kuumwa kifua kikuu, au kuishi na mwenye nacho? Maumivu yananiamsha usiku hata nikilala vizuri? Maswali haya watu wetu wayajibu kwa makini, kwa sababu kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Kinaingia kwenye pingili za uti wa mgongo, kinazila taratibu, na mtu anakandwa mawese mwaka mzima akidhani ni uchovu wa jembe, mpaka nundu inatokeza. Kule nyumbani wengi tumeona mtu wa namna hiyo. Kuna pia bruselosi, homa inayotoka kwa mifugo na maziwa yasiyochemshwa, nayo hupenda kiuno. Mgongo wa aina hiyo haufai kusukumwa na mtu yeyote. Unahitaji dawa, tena haraka.

Yaliyofuata: je, nina saratani au nimewahi kuwa nayo, nimeanguka, natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, mifupa yangu iliwahi kupimwa ikaonekana dhaifu? Je, mkojo unazuilika na kutoka kama kawaida, na sehemu ninayokalia ina ganzi? Hili la mwisho mwanafunzi alilirudia mara mbili. Ganzi katikati ya mapaja pamoja na mkojo kugoma au kuvuja, au miguu kulegea ghafla, ni safari ya hospitali ya dharura usiku huo huo. Miadi ya kliniki haisubiriwi.

Halafu vipimo. Nitembee kwa visigino, nitembee kwa vidole. Kinyundo cha mpira gotini na kwenye kifundo. Nilale chali, ainue mguu wangu ulionyooka mpaka niseme basi. Mguu wa kulia ulisema mapema, ganzi ikishuka kwenye tako hadi nyuma ya paja. Nguvu zipo zote. Picha ya eksirei hawakupiga, sababu ikiwa ile ile ya daktari wangu: kwa kiuno kisicho na dalili za hatari, picha hazibadilishi tiba.

Nikajaza dodoso la Oswestry, maswali kumi kuhusu kukaa, kusimama, kulala, kunyanyua na mengine, yanayotoa alama kati ya sifuri na mia. Alama kubwa ni ulemavu mkubwa. Nimepata 44, ambayo kwao ni kundi la "mkali". Maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi: 7.

Daktari mwalimu alinisomea fomu ya ridhaa sentensi kwa sentensi. Maumivu ya misuli baada ya tiba ni kawaida. Diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, kuzidi kuharibika ni nadra. Kusukumwa shingo kumehusishwa, mara chache sana, na kuchanika kwa mshipa wa damu wa shingoni na kisha kiharusi. Nikasema shingo yangu haiumwi, basi isiguswe. Akaandika. Nilipomuuliza kama tiba hii inashusha kisukari cha mke wangu, alijibu hapana, kisukari ni cha daktari wake na dawa zake. Jibu hilo ndilo lililonifanya niweke miadi ya pili.

Mpango: mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, kisha tupime upya kwa dodoso lile lile. Kama hakuna kilichosogea, tunaacha na ninarudishwa kwa daktari wangu na barua.

Februari, mwanzoni: msukumo wa kwanza

Unalala ubavu, mguu wa juu umekunjwa, mkono kifuani. Anakusogeza mpaka mgongo ufike mwisho wa kuzunguka kwake, anakuambia utoe pumzi, halafu anasukuma mara moja, haraka, umbali mfupi. Kilicholia kilinishtua kuliko kilivyoniuma.

Nimeuliza ni nini kinalia, maana kwetu tunasema mfupa umerudi mahali pake. Mfupa haukuwa umeondoka. Ndani ya kiungo kuna ute, na ute una gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zikiachana ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unafunguka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, wakaona uwazi huo ukitokea wakati ule ule wa mlio. Baada ya hapo kiungo hakilii tena kwa dakika kama ishirini hivi. Kwa hiyo mlio haumaanishi tiba imefaulu, na ukimya haumaanishi imeshindwa. Ziara iliyofuata hakikulia chochote na nafuu ilikuwa ile ile.

Kesho yake: nimechoka kama niliyepakua lori, kiuno kigumu. Keshokutwa: pamekwisha. Katika uchunguzi uliofanyika Norway miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya wagonjwa walipata kitu cha namna hii angalau mara moja katika ziara zao za mwanzo, na sehemu kubwa ilipotea ndani ya saa 24. Anayeanza apange miadi isiangukie kabla ya zamu nzito. Mimi sasa naenda asubuhi ya siku ya mapumziko.

Februari, katikati

Maumivu 5, kisha 4, kisha 7 tena baada ya wiki ya ovataimu. Hili nimeliandika kwa wino mwekundu kwa ajili ya wenzangu, kwa sababu ndipo wengi wanapoacha. Nafuu ya mgongo haishuki kama maji kwenye mteremko. Inashuka, inapanda, inashuka zaidi kidogo. Mwanafunzi alinionyesha mstari wa alama zangu kwenye kompyuta, umejaa meno, lakini ncha za meno zinashuka.

Kuna ishara nyingine niliyofundishwa kuitazama: maumivu yako wapi. Ganzi iliyokuwa nyuma ya paja sasa imepanda, iko takoni tu. Kiuno chenyewe kinauma vile vile, pengine zaidi. Wanasema hiyo ni dalili njema, maumivu kuondoka mguuni na kujikusanya kiunoni. Yangeshuka kuelekea unyayoni, hiyo ingekuwa habari nyingine, na ningempigia simu daktari.

Mazoezi yameanza. Nalala chali, magoti yamekunjwa, nainua nyonga. Nakaa kwa magoti na mikono, nanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Nalala ubavu nikijinyanyua kwa kiwiko. Dakika kumi, asubuhi na jioni. Watoto wananipanda mgongoni nikifanya la pili. Nimewaruhusu, isipokuwa mkubwa.

Machi, mwanzoni: tathmini

Oswestry 28. Maumivu 4. Mguu naweza kuuinua karibu sawa na mwenzake.

Daktari mwalimu alisema badiliko la alama kumi au zaidi kwenye dodoso hilo ndilo mgonjwa hulihisi maishani, kwa hiyo hili ni la kweli. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa rohoni: ni mikono yake, au ni siku zilizopita tu? Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Hakukwepa. Alisema tafiti zikiunganishwa, kwa mgongo wa muda mrefu, msukumo unatoa matokeo yanayokaribiana na ya tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Anayesema ni muujiza anadanganya, na anayesema ni upuuzi hajasoma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaweka tiba ya kusukuma mgongo miongoni mwa zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu, mazoezi, kukandwa, tiba ya kisaikolojia na dawa za kupunguza uvimbe. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine haipendekezi, wala dawa za jamii ya afyuni.

Mkanda wangu mweusi, niliouvaa kazini msimu wote wa baridi, nimempa shemeji afungie godoro.

Tumepunguza: mara moja kwa wiki. Na nusu ya kila ziara sasa ni mazoezi, yeye akitazama ninavyonyanyua sanduku. Ananirekebisha miguu zaidi kuliko mgongo.

Aprili: habari ya kaka mmoja wa kanisani

Kaka huyu, dereva, alikwenda kwenye kliniki nyingine iliyokuwa imetoa kuponi ya uchunguzi wa bure. Alipigwa eksirei ya mgongo mzima siku ile ile, akaonyeshwa mchoro wenye mistari myekundu, akaambiwa mgongo wake umepoteza mkunjo na bila kusahihishwa viungo vya ndani vitaathirika. Akapewa mpango wa mwaka mzima, ziara nyingi kuliko Jumapili za mwaka, na punguzo la bei endapo atalipa zote kabla hajaondoka. Mke wake aambatane naye ziara ijayo, na watoto pia wapimwe.

Aliniletea karatasi ile nyumbani nimsaidie kuisoma. Nimeisoma mpaka chini. Hakuna mahali palipoandikwa ni lini watapima upya, wala nini kitatokea kama hakupata nafuu. Mpango wangu una siku ya kupima. Wake una siku ya kulipa.

Kuhusu picha, ni vizuri kujua hivi. Watafiti walikusanya picha za watu ambao mgongo hauwaumi kabisa, wakatoa matokeo mwaka 2015: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka ishirini, na asilimia 96 ya wale wa miaka themanini. Diski zilizovimba, asilimia 30 ya vijana hao hao. Na hawaumwi. Hivyo mtu yeyote akipigwa picha atakutwa na kitu, na kitu hicho kinaweza kuuzwa. Kaka yangu ana miaka arobaini na kidogo. Angekutwa na mgongo usio na alama yoyote, hapo ndipo ningeshangaa.

Hakulipa. Alikuwa na haki ya kuondoka na karatasi yake akafikirie, na hilo peke yake liliwakasirisha, kwa maneno yake. Sasa anatibiwa na fizio.

Nimetazama pia madai ya pumu, kuharisha kwa watoto, ugumba, shinikizo la damu. Hapo ushahidi wa kutosha haupo. Ni ile asilimia 95 ya mzee Palmer inayotembea bado kwa miguu ya mkopo.

Mei: Mzee na Medicare

Mzee wetu mmoja, aliyevuka miaka 65, aliniomba nimpeleke. Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipia msukumo wa mgongo unaofanywa na kiropraktiki. Hailipii eksirei anayoiagiza yeye, wala kukandwa. Na hailipii ziara za kudumisha hali. Ikionekana mgonjwa amefika pale anapoweza kufika, hasongi mbele tena, malipo yanasimama, na kliniki inatakiwa kumpa fomu ya kusaini kwamba kuanzia hapo atalipa mfukoni.

Mzee alipopewa fomu hiyo alidhani anafukuzwa. Nilimweleza: "Baba, hawakufukuzi, wanakuuliza kama unataka kuendelea kwa pesa yako." Akauliza ni kiasi gani. Akaambiwa. Akavaa kofia.

Kabla hajatibiwa walimpima mifupa, na msukumo aliopewa haukuwa ule wangu. Kwa wazee wenye mifupa dhaifu hutumia kifaa kidogo cha kugonga, au kitanda ambacho kipande chake kinashuka kidogo chini ya uzito wa mwili, ili mkono usihitaji nguvu. Aliyezoea kuona video za watu wakivunjwa shingo kwa kelele atadhani Mzee hakutibiwa.

Juni: swali la kuendelea au kuacha

Oswestry 16. Maumivu 2, siku nyingine hakuna. Ibada ya Pentekoste nimekaa yote, pamoja na matangazo, na waliowahi kuketi katika kanisa letu wanajua matangazo.

Sasa swali lenyewe la mradi huu: mtu asiyeumwa aendelee kwenda kwa nini? Hapa kuna utafiti mmoja wa kweli wa kushika, wa Sweden, uliotolewa mwaka 2018. Walichukua watu 328 wenye kiuno cha kuja na kuondoka, ambao tayari walikuwa wamepata nafuu kwa kiropraktiki. Kundi moja liliitwa kwa ratiba, kwa nafasi ya mwezi mmoja hadi mitatu, hata bila maumivu. Kundi lingine lilikuja lilipoumwa tu. Baada ya mwaka, wa ratiba walikuwa na siku 12.8 pungufu za maumivu ya kusumbua, kwa wastani wa ziara 1.7 zaidi.

Nimekaa na hesabu hiyo mezani. Siku kama kumi na tatu katika mwaka, kwa ziara karibu mbili. Kwangu, siku moja ya kukosa kazi inazidi bei ya ziara, kwa hiyo inalipa. Kwa mtu ambaye kiuno kilimshika mara moja tu maishani kikaachia, utafiti ule haukumhusu kabisa. Na hata kwa kundi la ratiba, haikuwa kila wiki. Mtu asinionyeshe utafiti wa Sweden kunithibitishia ziara hamsini.

Kwenye kurasa hizo hizo nimeandika utafiti wa Australia wa mwaka 2024, kwa kuwa ni wa bure zaidi. Watu wazima 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Nusu walipewa mpango wa kutembea pamoja na ushauri wa fizio, nusu hawakupewa chochote. Waliotembea walikaa siku 208, kwa kipimo cha katikati, kabla maumivu hayajarudi. Wengine siku 112. Viatu tu.

Uamuzi: ziara moja kila wiki nane, na kutembea kando ya mto mara nne kwa wiki. Nikiulizwa nichague kimoja, nitabaki na mto.

Agosti: kimerudi

Kimerudi Jumanne, nikitoa nguo kwenye mashine ya kufulia. Sikuwa nimebeba kitu cha maana, fulana tatu. Maumivu 6, upande ule ule.

Mwaka jana ningelala. Safari hii daftari lina ukurasa wa siku kama hii, niliouandika nikiwa mzima: pitia dalili za hatari kwanza (mkojo sawa, ganzi ya katikati hakuna, miguu ina nguvu, homa hakuna), weka chupa ya maji ya moto, tembea dakika kumi kila saa chache, zoezi la kwanza na la pili tu, piga simu kliniki. Walinipa nafasi siku iliyofuata. Mwanafunzi alikuwa mpya, yule wa kwanza amekwisha kuhitimu, na ndiyo tabia ya kliniki ya mafunzo. Alisoma faili, akanipima upya kabla ya kugusa. Msukumo mmoja, mazoezi, nyumbani. Alipouliza kama nataka kurudi mara mbili kwa wiki kama mwanzo, nikasema tuone hadi Jumatatu.

Jumatatu maumivu yalikuwa 3. Hatukurudi huko.

Nimegundua pia kwamba hofu ilikuwa ndogo, na hofu inakaza misuli kuliko baridi ya Januari. Mke wangu anasema safari hii sikuwa na uso wa mtu aliyepewa hukumu.

Oktoba

Oswestry 14, imebaki pale pale tangu Septemba. Daktari mwalimu anasema huenda ndipo nilipo, na kwamba kazi yangu ikibaki vile vile hatarajii ishuke sana. Ni kauli ambayo ningependa kila mwenye mgongo aisikie kutoka kwa mtibabu wake kabla ya kulipia ziara nyingine: mikono yangu imefika mwisho wake, kilichobaki kiko kazini kwako. Aliandika barua ya nusu ukurasa kwa msimamizi wangu, akipendekeza nibadilishwe kituo kila saa mbili na ubao wa kusimamia uinuliwe. Kubadilishwa kituo kumekubaliwa. Ubao bado.

Malengo: ibada, ndiyo. Kidonge katikati ya shifti, sijakigusa tangu Mei isipokuwa ile wiki ya Agosti. Mtoto, nusu. Nilipoanza alikuwa anakaribia miaka mitatu na sasa ameivuka, anakula ugali kama wa shifti ya pili. Nambeba mpaka ghorofa ya kwanza, halafu tunapanda wote kwa miguu.

Watu wawili wa kanisani wameomba kuazima daftari. Nimewapigia nakala ukurasa wa dalili za hatari na ule wa siku ya maumivu, mengine yana habari zangu. Kwa atakayeanza mwezi huu nimeongeza karatasi ya maswali ya siku ya kwanza: utapima nini, lini utapima tena, usipoona mabadiliko utanipeleka wapi, mazoezi gani nifanye nyumbani, na bima italipa mpaka ziara ya ngapi.

Miadi ijayo ni wiki ya pili ya Desemba. Nikifika nitauliza kama nafasi inaweza kusogezwa kuwa miezi mitatu, na kama ubao bado haujainuliwa, nitaomba barua ya pili.